Upande Wangu wa Sinia

Jina langu ni Mahat. Nimezaliwa na kukulia Garissa mjini. Baba yangu ni dalali wa ng'ombe na mbuzi katika soko la mifugo, na mimi ni mchezaji wa voliboli. Naandika haya kwa vijana wa michezo, hasa wale wanaovua shati mbele ya kioo na kulivaa tena bila kuridhika. Mwenye kucheka acheke. Hata mimi ningecheka kabla hayajanipata.

Kabla ya kuugua nilikuwa na njaa ya kawaida, kama mtu yeyote. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, huweka wali katikati, nyama juu, ndizi pembeni, na kila mtu hukaa mbele ya upande wake. Sheria ni moja tu: kula kilicho mbele yako. Dada yangu Fardosa amevunja sheria hiyo tangu alipojifunza kukaa. Mkono wake huanza kwake na kuishia kwako, na ukimkemea anasema alikuwa anafukuza nzi.

Kwetu jina la utani halitafutwi ili likupendeze. Mfupi ataitwa mfupi, mwenye jicho moja ataitwa hivyo hivyo, na wote wataitika bila kinyongo. Mimi niliitwa Caato, yaani mkondefu. Bibi yangu ndiye aliyenipa jina hilo, tena kwa mapenzi, na kwa miaka mingi nilikuwa naitika huku nakimbia. Lilianza kuniuma nilipoingia timu ya shule. Siku moja tulicheza na timu ya wageni yenye vijana wenye mabega kama milango. Tulipojipanga, mtu mmoja nje ya uwanja akapaza sauti kwa lafudhi yetu ya Kisomali, ambayo p huigeuza b, "Caato, shika nguzo, ubebo utakubeba!" Watu wakacheka, na wenzangu wakacheka pia. Tulishinda mechi ile, lakini mimi nilirudi nyumbani na ule upepo tu.

Jioni iliyofuata nilikwenda jimu. Ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka. Vyuma vichache vilikuwa vya dukani, vilivyobaki ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kutiwa bomba katikati. Mwenye jimu alikuwa mtu mkunjufu, sina ugomvi naye. Alinipimia unga wa kujenga mwili kwenye mfuko wa nailoni usio na jina wala maelezo. "Hii itakubanua kifua, wallahi," akaniambia. "Kula mayai, kula kuku. Mchele wachia wazee."

Basi nikawaachia wazee mchele. Niliacha na anjera, mikate yetu laini ya asubuhi, chapati, pasta, sukari kwenye chai, na kila kitu chenye mafuta. Nilichemsha mayai nikatupa kiini. Nilichemsha kidari cha kuku bila chumvi, nikala nikiwa nimesimama jikoni, kwa bakuli la plastiki lenye kifuniko ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Hooyo alipoita watu kula, nilisema nimeshakula. Yeye bado aliweka wali wa watu wote. Watu walikula pande zao, na upande wangu ukabaki pale, kipande cha wali kimesimama peke yake upande mmoja wa sinia. Fardosa alipojaribu kuupelekea mkono, Hooyo alimpiga kofi la vidole. "Huo ni upande wa Mahat," alisema. Baadaye aliufunika kwa sahani, na kesho yake asubuhi aliwapa mbuzi.

Mwili ulijibu haraka. Mikono ilijaa, shati likabana. Wenzangu walisema, "Buda, umejaza!" na mimi nilijifanya sijasikia ili waseme tena. Shida ni kwamba kadiri watu walivyoniona mkubwa, ndivyo mimi nilivyojiona mdogo. Nilipima mkono kwa utepe wa kushonea wa Fardosa, asubuhi na jioni. Nilijitazama kwenye kioo cha kila tuk-tuk iliyoegeshwa. Kila mara nilimwona Caato amevaa nyama za kuazima, na nilijua siku nikilegea zitarudishwa kwa mwenyewe.

Ramadhani ilipofika niliingiwa na hofu ya kweli. Nilifunga kama kila mtu, lakini mchana kutwa nilihisi misuli inayeyuka. Watu wa nyumbani walipofuturu kwa tende, sambusa na uji, mimi niliingia chumbani na bakuli langu. Huo ndio mwezi watu wanapokaribishana hata wasiojuana, na mimi nilifuturu nikiwa nimefunga mlango. Hooyo alibisha mara moja. "Hooyo, njoo hata tende moja," alisema. Kwetu mama humwita mtoto wake hooyo pia. Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. Hakubisha tena.

Mwili nao ulianza kusema. Choo kilifunga siku nyingi, na kilipokuja kilikuja na damu. Mdomo ulinuka hata baada ya kupiga mswaki. Nilihisi baridi, Garissa, mahali ambapo mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi. Moyo ulidunda ovyo nikipanda ngazi za darasani. Ule uanaume wa asubuhi, ambao vijana hutaniana kuuhusu, ulinyamaza kabisa, na aibu ilinizuia kumwambia yeyote. Uwanjani nilikuwa mkubwa na mzito. Sikuruka kama zamani. Mwalimu Wafula, kocha wetu, alisema, "Mahat, umenona lakini umechelewa kwa mpira." Mimi nilisikia neno "umenona" tu, nikadhani amesema nina mafuta, nikaongeza kukimbia.

Muhula huo watu wa afya walikuja shuleni kuwapima wanamichezo. Walitupima uzito, urefu na presha, kisha wakatuuliza maswali mmoja mmoja. Unaogopa kunenepa? Hapana. Unajitapisha baada ya kula? Hapana. Umepungua uzito? Nimeongezeka. Unajiona mnene? Nilicheka, na aliyeniuliza akacheka pia. "Haya maswali ni ya wasichana zaidi," alisema. "Wewe uko sawa. Wewe ndiye mfano." Sikumdanganya hata neno moja. Kila alichouliza nilimjibu kweli, na nikatoka pale nikiwa mgonjwa mwenye cheti cha uzima moyoni.

Nyumbani hawakuwa na cheti hicho. Aabo, baba yangu, aliona kijana asiyekula, mwenye hasira za karibu, anayejifungia chumbani na kurudi jioni akiwa amelowa jasho. Kwa mzazi wa huku dalili hizo zina jina moja: miraa. Alianza kunusa mashati yangu. Alipekua mifuko akitafuta majani. Siku moja alipata ule mfuko wa unga mweupe, na nilimwona uso ukibadilika, kwa sababu sasa alidhani ni kitu kibaya kuliko miraa. Aliupeleka kwa mwenye duka la dawa. Alirudi nao amechanganyikiwa zaidi.

"Amesema ni maziwa," alimwambia Hooyo. "Kijana mwenye ndevu anakunywa maziwa ya unga kwa siri?"

Kisha akanigeukia. "Unakula miraa?"

"Hapana, Aabo."

"Wallahi?"

"Wallahi sili."

"Basi ni nini kinakutoa kwenye chakula cha mama yako?"

Ningesema naogopa wali? Kwa Aabo, kutojibu kulikuwa jibu. Likizo ilipoanza alifanya kile ambacho baba wengi hapa hufanya kijana akipotea mjini: akanipeleka kwenye ngamia. Abti Dakane, kaka wa mama yangu, anafuga upande wa Hulugho. Aabo aliamini kwamba mbali na mji, bila marafiki, nikinywa maziwa na kutembea na mifugo, hicho kilichoniingia kitatoka.

Sasa fikiria. Umempeleka mtu anayeogopa wali mahali ambapo wali hauonekani mara kwa mara. Umempeleka mtu asiyeweza kupumzika mahali ambapo kupumzika ni kwa wagonjwa na wazee. Nilifurahi kama aliyepewa zawadi. Asubuhi maziwa, jioni maziwa, katikati hakuna aliyeniuliza. Nilibeba madumu ya maji kutoka kisimani hadi kambini, moja kila mkono, na yalipokuwa yamejaa yote niliyabeba tena ili nifanye mazoezi. Abti alinisifu kwa kila mgeni aliyepita. "Mashallah, abti, mwili huu umetoka wapi?" aliniambia, mjomba naye humwita mpwa abti. "Nao wanasema mtoto ni mgonjwa!" Mimi ndiye niliyepelekwa kutibiwa, na hakuna mahali nilipougua vizuri kama pale.

Kilikuwa kiangazi. Jua lilikuwa kali na maji yalikuwa kwa mpango, lakini kunywa yalitosha. Mimi ndiye niliyejinyima. Nilikuwa nimesikia jimu kwamba mtu asipokunywa maji mishipa hutokeza, na nilipenda kuiona mikononi, imejichora kama mizizi. Nilikunywa maziwa kidogo, nikala mkavu kwa kijiko ule unga niliokuja nao nimeuficha kwenye nguo, nikabeba madumu.

Asubuhi moja nilishindwa kuchuchumaa. Mapaja yalikuwa magumu kama mbao na yalivimba hadi ngozi ikang'aa. Nilikwenda pembeni kukojoa nikiwa nimesimama, na kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Kilikuwa kidogo na kiliunguza. Nilitupia mchanga kwa mguu ili Abti asione. Lakini mguu haukuinuka vizuri, nikaanguka, na akaja mbio.

Aliutazama ule mchanga kwa muda. Mtu anayeishi na wanyama hahitaji kuambiwa mkojo mbaya ukoje.

"Abti, tangu lini?"

"Leo tu."

"Simama."

"Siwezi."

Gari pekee lililokuwa linaondoka siku hiyo kuelekea Garissa lilikuwa lile linaloleta miraa. Lilikuwa limeshusha mzigo na linarudi tupu. Dereva alinitazama nilivyobebwa, akasema, "Mweke nyuma, lakini asitabike kwa gunia zangu." Nilitapika kwenye magunia yake njia nzima, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Kila palipokuwa na kivuli alisimama akanimwagia maji kichwani na kuninywesha kidogo kidogo. Mungu amlipe. Ndivyo nilivyofika hospitalini, kijana aliyepelekwa porini kuepushwa na miraa, nikishushwa kutoka kwenye gari la miraa, na baba yangu amesimama mlangoni akitazama.

"Si nilisema?" Aabo alimwambia daktari. "Ni miraa."

Daktari alitoa damu, akaniwekea dripu mikono yote miwili, na mrija wa kupimia mkojo mahali ambapo sitaki kukumbuka ulivyoingia. Majibu yalipotoka alimketisha Aabo. "Mzee, hakuna miraa hapa. Misuli ya kijana imevunjika, na mabaki yake yameingia kwenye damu. Figo zinajaribu kuyachuja na zinachoka. Hakunywa maji, hakula chakula cha kutosha, na amefanya kazi ya punda." Alisema tutasubiri. Figo zikiamka, vizuri. Zisipoamka, itabidi mashine isafishe damu. Hooyo hakuelewa habari za mashine, lakini alielewa neno kusubiri, akatandika kanga chini kando ya kitanda changu akaanza kuomba.

Aliyenigundua ni Sista Halima. Ni muuguzi, mwenyeji wa Hadado kule Wajir, mwanamke wa sauti ya chini asiyependa kurudia jambo. Alikuja kubadilisha dripu, akaniuliza yale maswali niliyoyajua. Unaogopa kunenepa? Hapana. Unajitapisha? Hapana. Nikamwambia nimeshayajibu shuleni na nikaonekana sawa. Alifunga dripu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akaniuliza jambo ambalo halikuwa kwenye maswali ya mtu yeyote.

"Mara ya mwisho umekula sinia moja na watu wa kwenu ilikuwa lini?"

Nilitafuta siku, nikatafuta wiki. Hooyo ndiye aliyejibu kutoka pale chini.

"Tangu kabla ya Ramadhani," alisema. "Upande wake naufunika kila siku, sista. Nawapa mbuzi." Halafu akalia. Sikuwa nimemwona mama yangu akilia mbele ya mgeni, na nilitamani figo zife pale pale mambo yaishe.

Sista Halima hakumnyamazisha. Alinigeukia mimi. "Ukikosa mazoezi siku moja unajisikiaje?"

"Kama nimeibiwa."

"Ukijitazama kwenye kioo unaona nini?"

"Mtu mdogo."

Aabo alisimama. Aliniangalia mabega, akaangalia yake. "Mdogo?" aliuliza. "Wewe?" Nadhani ndipo alipoelewa kwamba jambo hili lilikuwa kichwani mwangu na si mfukoni.

Daktari aliporudi alituambia kwamba ni ugonjwa wa kula. Nikamwambia huo ni wa wasichana. "Wengi wao wanaogopa kunenepa," alisema. "Wewe unaogopa kubaki mwembamba. Lakini chakula umekiogopa kama wao, na mwili umeunyima kama wao." Alinieleza pia kwa nini uanaume wangu ulinyamaza. Mwili ukikosa chakula huanza kuzima vile unavyoweza kuishi bila hivyo. Alilisema bila kupepesa macho, mbele ya baba yangu, na nilishangaa kwamba hakuna aliyekufa kwa aibu.

Figo ziliamka. Mkojo uliendelea kubadilika kutoka chai ya rangi hadi chai ya maziwa, kisha ukawa mkojo. Hooyo aliangalia ule mfuko kila saa na kusema Alhamdulillahi kwa sauti, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakawa wanauliza hali ya mkojo wangu.

Wengi wanadhani hapo ndipo nilipopona, lakini hapo nilikuwa sijakufa tu. Kupona kulikuwa nyumbani, na kulikuwa kugumu kuliko dripu. Nilikatazwa mazoezi kwa miezi. Mtaalamu wa lishe alinipangia kula vyote, wali na mafuta vikiwemo. Kila wiki nilikwenda kwa mshauri, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kuongea habari za mikono yangu. Mwili ulipungua. Mtaani walianza tena: "Caato amerudi!" Nilikuwa naingia ndani na kulia kama mtoto. Kuna siku nilifunga mlango wa bafu nikapiga pushapu hadi Fardosa akagonga. Hakunisema kwa wazazi. Alisema tu, "Toka, nataka kuoga," akasimama pale pale mpaka nikatoka.

Siku ya kwanza kurudi kwenye sinia nilikaa mbele ya upande wangu. Nilichukua wali kiasi cha kidole. Nilihisi kila punje ikishuka. Aabo, ambaye maisha yake yote alikula mchana sokoni na madalali wenzake, alikuwa amekuja nyumbani. Alikaa karibu yangu, goti kwa goti. Hakusema samahani, si mtu wa neno hilo. Alikata nyama akaweka upande wangu, akaanza kuongea habari za bei ya mbuzi kana kwamba hakuna lolote. Alikuja kesho yake pia, na keshokutwa. Madalali wakamtania kwamba ameoa upya. Siku nilizokula kidogo, upande wangu ulifunikwa kwa sahani kama zamani, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Nilipopata nguvu nilimwendea Mwalimu Wafula nikamweleza yote. Akasema, "Na mimi nilikwambia umenona." Nikamwambia aache hayo, kuna kazi. Tulimwomba Sista Halima aje shuleni. Muhula huu kila mchezaji, mvulana na msichana, ameulizwa faraghani na kwa upole. Ukikosa mazoezi unajisikiaje? Kuna chakula unachokiogopa? Unatumia unga gani, na nani amekupa? Mara ya mwisho kula na watu ilikuwa lini? Kwenye timu yetu peke yake kuna waliotafuta siku wakaikosa, kama mimi. Siwataji. Wanatibiwa, na bado wanacheza.

Ushauri wangu ni mfupi. Wewe kocha, usiulize tu nani amekonda. Muulize na yule unayemwonyesha wengine kama mfano. Wewe mzazi, kabla hujanusa shati, uliza. Na wewe mwenzangu, ukiona unakula mlango ukiwa umefungwa, mwambie mtu leo, kabla mkojo haujakusemea. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, Sista Halima, Abti, na yule dereva ambaye hata jina lake silijui. Nimerudi uwanjani. Mimi ndiye ninayewapangia wenzangu mpira wapige. Wakiniita Caato naitika, siku nyingine kwa moyo mzuri, siku nyingine nikiuma meno.

Mtu huniuliza nilijuaje kwamba nimepona. Ni juzi tu. Mazoezi yalichelewa, nikafika nyumbani watu wameshaanza kula. Nilivua viatu, nikakaa mahali pangu, nikanyoosha mkono. Upande wangu ulikuwa mtupu. Sinia lilikuwa linang'aa. Hakuna sahani iliyofunika kitu, hakuna aliyeniwekea chochote, na Fardosa alikuwa anatafuna huku anaangalia dari.

"Hooyo!" nilisema. "Upande wangu uko wapi?"

Mama yangu hakuinua hata kichwa. "Si ungekuja mapema," alisema, na aliendelea kula.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kisha nikavunja sheria ya nyumba yetu, nikapeleka mkono wote upande wa Fardosa.